Tarehe ya Mgonjwa Isiwe na Maana Mbili

Tarehe iliyoandikwa 06/09/2024 ina maana mbili, na kila moja ni sahihi mahali fulani duniani. Kwa Mtanzania ni siku ya sita ya mwezi wa tisa. Kwa Mmarekani ni siku ya tisa ya mwezi wa sita. Kati ya siku hizo mbili kuna siku 89. Katika stakabadhi ya dukani tofauti hiyo ni usumbufu mdogo. Katika kadi ya mama mjamzito ni wiki 12 na siku 5 za umri wa mtoto aliye tumboni.

Tumchukue mama wa kufikirika anayeishi Usinge, wilayani Kaliua, kwenye reli iendayo Kigoma. Simsemi mgonjwa fulani wala kituo fulani. Mama huyu alipata siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho tarehe 6 Septemba, 2024, na mkunga wake akaiandika hivyo kwenye kadi, kwa tarakimu. Ukiongeza siku 280, kama tunavyofundishwa sote, matarajio ya kujifungua ni tarehe 13 Juni, 2025. Sasa mama anapewa rufaa kwenda Kitete, Tabora mjini, na mahali fulani njiani mtu anaichukua kadi na kuingiza tarehe hiyo katika kompyuta. Kompyuta inaisoma kuwa ni tarehe 9 Juni. Mnamo tarehe 21 Machi, 2025 mimba yake ina wiki 28 kamili, lakini skrini inasema wiki 40 na siku 5, yaani amepitiliza. Mtoto ambaye tungefanya kila jitihada abaki tumboni anaanza kujadiliwa kama mtoto aliyechelewa kutoka, na neno la kuanzishiwa uchungu linatajwa.

Mkunga mwenye uzoefu atakataa. Ataupima mfuko wa uzazi kwa utepe, ataona sentimita 28 au karibu na hapo, na mkono wake utaibishia skrini. Msimamo wangu ni kwamba katika ubishi huo mkono ndio upewe haki mpaka tarehe ihakikiwe. Hata hivyo si kila zamu ina mkunga mwenye uzoefu, na si kila kosa la tarehe lina tumbo la kulipima.

Kosa lenyewe hutokea hivi. Mifumo mingi ya afya siku hizi hufanya kazi ndani ya kivinjari cha intaneti. Kisanduku cha tarehe katika ukurasa wa namna hiyo kina tabia ambayo watumiaji wengi hawajaelezwa: kile kinachohifadhiwa ndani huandikwa daima kwa mpangilio mmoja, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, lakini kile kinachoonekana kwenye skrini hufuata lugha iliyowekwa katika kivinjari au katika kompyuta yenyewe. Kompyuta nyingi huja zikiwa zimewekewa Kiingereza cha Marekani, na hakuna anayebadilisha. Kwa hiyo wauguzi wawili wanaweza kukaa meza moja, wakafungua ukurasa uleule wa mfumo uleule, mmoja akaonyeshwa siku ikitangulia na mwenzake akaonyeshwa mwezi ukitangulia. Wote wawili wanachapa 06, wanachapa 09, wanachapa 2024. Mfumo unapokea watu wawili tofauti.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba halipigi kelele. Ukichapa 25 mahali pa mwezi, kompyuta itakataa, kwa kuwa hakuna mwezi wa ishirini na tano. Ukichapa 9 haina sababu ya kukataa. Siku zote za mwezi kuanzia tarehe 1 hadi 12 zinaweza kugeuzwa kuwa mwezi bila mashine kushtuka. Kwa miezi 12 hizo ni siku 144. Ukiondoa zile 12 ambazo siku na mwezi ni namba moja, kama 5/5, zinabaki siku 132 za kila mwaka, zaidi ya theluthi moja, ambazo zinaweza kubadilika kimya kimya. Hapo ndipo kuna dalili ya kwanza ambayo mtunza takwimu anapaswa kuitafuta. Akifungua orodha ya wagonjwa walioonwa Machi, akakuta wale wa tarehe 13 hadi 31 wako mahali pao, na wale wa tarehe 1 hadi 12 wametawanyika Januari hadi Desemba, asihangaike kumtafuta mzembe. Mpangilio wa tarehe umegeuzwa, na umegeuzwa kwa wote.

Nasema asimtafute mzembe kwa sababu hiyo ndiyo desturi yetu. Takwimu zikivurugika, barua hutoka kwenda kituoni ikiwahimiza watumishi kuwa makini, na semina ya siku mbili huitishwa. Mimi siafiki. Kipimajoto kisichoonyesha kama namba zake ni za Selsiasi au Farenhaiti tungekirudisha stoo siku hiyohiyo. Tusingemfundisha muuguzi kukisia. Kisanduku kinachokubali 06/09 bila kuuliza ni kifaa cha namna hiyo, na kinapaswa kurekebishwa na aliyekitengeneza.

Eneo hili la Unyamwezi lina historia yake ya tarehe zisizopatana. Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone Ujiji mwaka 1871, mwishoni mwa njia ya misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora. Stanley katika kitabu chake aliitaja siku hiyo kuwa tarehe 10 Novemba. Kumbukumbu za Livingstone zinaiweka siku za mwisho za Oktoba. Watu wawili walipeana mikono mahali pamoja, kila mmoja na kalenda yake. Stanley mwenyewe alieleza kwamba homa iliyomlaza Unyanyembe, yaani hapo Tabora na viunga vyake, ilimvurugia hesabu ya siku. Wanahistoria wanaweza kuendelea kulijadili hilo kwa raha zao, maana hakuna dozi iliyokuwa ikisubiri.

Chanjo haziwezi kusubiri mjadala. Mtoto aliyezaliwa tarehe 3 Mei, 2024, mfumo ukamsoma kuwa wa tarehe 5 Machi, ataongezewa siku 59 za umri. Akiletwa akiwa na wiki sita kwa ajili ya chanjo ya kwanza ya pentavalenti, kompyuta itamhesabu kuwa amefikisha wiki 14 na siku tatu, na mama yake ataonekana mzembe aliyeruka dozi mbili. Huo ni uonevu, lakini unasahihishika. Kisichosahihishika kwa urahisi ni surua. Mfumo utamwita mtoto huyo kwa chanjo ya miezi tisa tarehe 5 Desemba, wakati ana miezi saba tu. Katika umri huo kinga aliyoirithi kwa mama yake bado inaweza kuidhoofisha chanjo, naye ataandikwa kuwa amekwisha kuchanjwa. Siku ugonjwa ukiingia kijijini, kadi itasema ana kinga.

Aina ya pili ya kosa ni ya saa, ingawa hujidhihirisha katika tarehe. Mwandishi wa programu anapoomba tarehe tu, lugha ya JavaScript humpa tarehe pamoja na saa. Tarehe 1 Machi, 2024 hugeuka kuwa saa sita kamili ya usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa saa za Afrika Mashariki. Kisha programu inapotuma taarifa kwenye seva, mara nyingi huibadilisha saa hiyo iwe saa ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Saa sita usiku ya Usinge ni saa tatu usiku ya siku iliyotangulia kwa saa ya dunia. Mtoto wa tarehe 1 Machi anaandikwa kuwa wa tarehe 29 Februari. Katika programu zilizoandikwa vibaya zaidi, kila mara faili lake linapofunguliwa na kuhifadhiwa upya, siku moja nyingine hutoweka, na mtoto huyo anaendelea kuzaliwa mapema zaidi kila anapohudhuria kliniki.

(Saa yenyewe ya Afrika Mashariki ni makubaliano. Imepimwa kwa longitudo ya 45 mashariki, mstari usiogusa ardhi ya Tanzania popote. Jua huchomoza Usinge takriban nusu saa baada ya kuchomoza Dar es Salaam, na saa za ukutani ni zilezile. Hatulalamiki, kwa sababu tumekubaliana. Tatizo huanza pale mashine inapobadilisha makubaliano bila kutuarifu.)

Kuna pia zile saa tatu za kila usiku, tangu saa sita hadi saa tisa, ambazo kwetu siku mpya imekwisha kuanza na kwa saa ya dunia bado ni jana. Programu inayojaza neno “leo” kwa kutumia saa ya seva itakosea katika saa hizo tu. Mtengenezaji hataligundua kosa hilo, kwa kuwa yeye hujaribu kazi yake mchana. Wodi ya wazazi italigundua, maana watoto hawachagui saa ya kuzaliwa. Mtoto wa saa nane usiku tarehe mosi ataingia katika ripoti ya mwezi uliokwisha, na kama kwa bahati mbaya atafariki siku hiyo, itaandikwa kwamba aliishi hadi siku ya pili. Wanaochunguza vifo vya watoto wachanga wanajua tofauti hiyo ina uzito gani.

Hapo pia lugha yetu inaingia, na ningependa wataalamu wa programu waisikilize. Katika hesabu ya asili ya Waswahili, siku huanza jua linapotua. “Jumapili usiku” kwa mzee aliyelelewa katika hesabu hiyo ni usiku unaoitangulia Jumapili mchana, ule ambao kijana wa leo atauita Jumamosi usiku. Muuguzi anayeuliza homa ya degedege ilianza lini, akajibiwa “Jumapili usiku”, amepewa majibu mawili yanayopishana kwa saa 24. Lugha ilikwisha kujitengenezea dawa: husemwa “usiku wa kuamkia Jumapili”, na hakuna anayebaki na shaka. Ni kauli ya kutumiwa katika kila historia ya mgonjwa, na sijaona sababu ya fomu za kompyuta kukosa nafasi ya kuiandika.

Saa za Kiswahili zimetuletea jambo jingine ambalo naliona ni baya kuliko yote niliyotaja, kwa sababu humfikia mgonjwa moja kwa moja mfukoni. Siku hizi wagonjwa hutumiwa ujumbe wa simu kukumbushwa miadi. Maneno ya ujumbe hutafsiriwa kwa Kiswahili, lakini namba huachwa kama zilivyo: “Unakumbushwa kufika kliniki saa 8:00.” Aliyeandika programu alikusudia saa mbili asubuhi. Msomaji wa Kiswahili anasoma saa nane, na saa nane kwake ni ya mchana. Mama atokaye vijiji vya upande wa Ziwa Sagara atapanga safari yake ili afike saa nane. Atakuta kliniki imekwisha kufunga daftari, ataambiwa amechelewa kwa saa sita, na ataonyesha simu yake bila kueleweka. Wengine hujaribu kuokoa hali kwa kuandika “saa 8:00 asubuhi”, kauli ambayo haimo katika hesabu yetu ya saa, na mgonjwa inambidi akisie ni neno gani katika hayo la kuaminiwa. Tafsiri isiyotafsiri saa haijakamilika. Programu iondoe sita, iandike “saa mbili asubuhi” kwa maneno, na kazi hiyo haizidi mistari michache ya maandishi ya programu. Wahabeshi wenzetu, ambao nao huhesabu saa kuanzia macheo na juu ya hayo wana kalenda ya miezi 13, walisimamia kalenda yao mpaka DHIS2, mfumo uleule wa takwimu za afya tunaoutumia Tanzania, ukatengenezewa uwezo wa kuisoma. Sisi tumeomba kidogo mno.

Makosa mengine niyapitie kwa haraka. Katika JavaScript, iliyotungwa mwaka 1995, miezi huhesabiwa kuanzia sifuri: Januari ni 0, Desemba ni 11, ilhali siku huanzia 1. Utaratibu huo ulirithiwa kutoka lugha za kompyuta zilizoitangulia, na kila mwaka humtega mwandishi mpya, ndipo miadi yote ya kituo inasogea kwa mwezi mmoja. Tena lugha hiyo haijui kukataa siku isiyokuwepo. Iambie iongeze miezi sita kwenye tarehe 31 Agosti, 2024. Itatafuta tarehe 31 Februari, itaikosa, na bila kuuliza itakupa tarehe 3 Machi, 2025. Mgonjwa wa kifua kikuu aliyeanza dawa siku hiyo, ambaye dozi zake 168 zimepangwa kwa miezi ya siku 28, akimeza bila kukosa atamaliza tarehe 14 Februari. Dawa huhesabiwa kwa dozi, na programu nayo ihesabu hivyo.

Jambo moja si kosa la hesabu, nalo ni kubwa. Kuna wazee wengi wasioijua tarehe yao ya kuzaliwa. Watakwambia walizaliwa kabla ya Uhuru, au kwamba walikuwa wameanza kuota ndevu mwaka wa Azimio la Arusha. Mama atakwambia mwanawe wa kwanza alizaliwa wakati wa Vita vya Kagera. Hizo ni taarifa nzuri, na mtu mwenye subira huzigeuza kuwa mwaka. Lakini mfumo unaodai siku na mwezi ili ukubali kuendelea humlazimisha mhudumu kutunga, naye hutunga tarehe 1 Januari, na baada ya muda tunapata wilaya iliyojaa watu waliozaliwa Mwaka Mpya. Kisha mfumo huohuo hutumia tarehe hiyo ya kutunga kumtambua mgonjwa, kana kwamba ni alama ya kidole. Wazee wawili wenye jina moja na Januari moja wanaweza kuchanganyiwa majalada. Fomu iruhusu mwaka peke yake, na iseme wazi kwamba umekisiwa.

Sasa kwa wanaotengeneza mifumo, madai yangu ni machache na hayana gharama kubwa. Ndani ya mashine tarehe ihifadhiwe mwaka kwanza, mwezi, kisha siku, kama kanuni ya kimataifa ya ISO 8601 inavyoelekeza tangu mwaka 1988, na tarehe ya kuzaliwa isibebeshwe saa. Kwenye skrini na kwenye kadi mwezi uandikwe kwa neno: 6 Septemba 2024. Liandikwe neno zima, kwa kuwa Juni na Julai zikifupishwa kwa mwandiko wa haraka hazitofautiani. Na muuguzi akimaliza kuchapa, mfumo umrudishie kwa maneno alichokiingiza, pamoja na umri unaotokana nacho: “Mimba ya wiki 28. Ni sahihi?” Swali hilo moja lingemlinda yule mama wa Usinge.

Kwa wahudumu nina ombi moja, nalo ni gumu kidogo. Msiyarekebishe makosa haya kimya kimya. Najua inavyokuwa: foleni ni ndefu, skrini imeonyesha siku iliyorudi nyuma, muuguzi hodari anachapa siku moja mbele ili itoke sawa, na anamfundisha mwenzake ujanja huo. Siku programu itakaporekebishwa, ujanja utakuwa kosa jipya, na hakuna atakayeweza kutenganisha kumbukumbu zilizosogezwa kwa mkono na zile zisizosogezwa. Andikeni taarifa kama mnavyoandika historia ya mgonjwa: nilichapa nini, kikaonekana nini, kwenye kompyuta ipi au kishikwambi kipi, saa ngapi. Aina ya kosa hutambulika kwa dalili zake. Siku na mwezi vikibadilishana nafasi, tazameni lugha ya kivinjari. Siku moja ikipungua, ni saa ya dunia. Mwezi mmoja ukisogea, ni ile hesabu ya sifuri. Mgonjwa akifika saa sita baada ya miadi, ujumbe wa simu ndio wa kusomwa kwanza. Mfumo mpya ukiletwa kituoni, kabla ya kumwingiza mgonjwa wa kweli, ingizeni wa kujaribia mwenye tarehe 3 Mei, mwingine 25 Desemba, mwingine 29 Februari 2024, na mmoja wa zamu ya usiku, saa saba au saa nane. Wafungueni kesho yake kwenye kompyuta nyingine.

Nawe mgonjwa, unapopokea kadi yako usiiweke mkobani kabla ya kuuliza tarehe ya kurudi ni mwezi gani. Ukijibiwa “mwezi wa tano”, omba iandikwe “Mei”. Kama hujui kusoma, mwombe muuguzi akusomee kwa sauti, kisha umwambie wewe mwenyewe ni siku gani na ni baada ya wiki ngapi. Mama aliyeambiwa arudi baada ya wiki nne anajua wiki nne ni minada mingapi, na skrini ikisema miezi mitatu ana haki ya kubisha palepale dirishani.